Chumvi ya Mbuzi

“Chai yangu mimi humwinua maiti,” Bibi Niyozbegim alimwambia kila mgeni aliyeingia kwake, huku akiimimina, chai ya kwao ya maziwa, siagi na chumvi, kutoka juu ili siagi ifanye povu. Kisha, kabla mgeni hajapuliza bakuli lake, akaongeza mwenyewe: “Marehemu mume wangu aliinywa asubuhi na jioni miaka thelathini na minane. Haya, nendeni makaburini mkamtazame alivyoinuka.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake. Hujisifu, halafu akajichoma mwenyewe, ili watu wengine wasipate pa kuchoma. Lakini lipo jambo moja ambalo hakulitania, wala hakumruhusu mtu alitanie, nalo ni chumvi yake.

Ukoo wa baba yake walikuwa wachimba chumvi ya mawe wa Sangnamak, juu kabisa ambako hata kunguru hufika amechoka. Siku ya harusi aliteremka kijijini Rushdara kwa mumewe na punda wawili, mmoja amembeba yeye na mwingine amebeba chumvi, na aliyepewa majani kwanza alikuwa yule wa chumvi. Tangu hapo, kila vuli kaka zake walimletea bonge lenye ukubwa wa kichwa cha kondoo, la kijivu lenye mishipa ya waridi. Bibi alilipeleka kijitoni akaliosha kama anavyooshwa bibi arusi, akalianika ukutani, akalitia katika mfuko wa ngozi ya mbuzi na kuutundika juu ya jiko, penye moshi. Kila alfajiri alivunja kipande akakitwanga kwenye kinu cha jiwe. Ta! Ta! Ta! Nusu ya kijiji iliamshwa na kinu hicho. Jirani yake Sabzagul alikuwa akilalamika kwamba jogoo wake ameacha kuwika kwa kuona aibu.

Shingoni Bibi alikuwa na rovu. Alipoolewa lilikuwa kama kokwa ya aprikoti, alipozaa mara ya kwanza likawa kama tofaa, na sasa lilikuwa limejaa kama ngumi ya mwanamume, nalo limepambwa kwa nyuzi tatu za shanga nyekundu. Mama yake alikuwa nalo, na bibi yake pia. “Kwetu,” alisema, “mwanamke asiye na rovu tunamwona kama kuku aliyenyonyolewa.”

Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mdogo, Imatsho, alikuwa Urusi akimwaga lami, akija nyumbani mara moja kwa mwaka, na mkewe Gulsifat aliishi na mama mkwe. Mkubwa, Shodmon, hakusikia wala hakusema. Alikuwa na miaka thelathini na saba na kimo cha mvulana wa kumi na miwili, lakini mikono yake ilikuwa kama sepetu, na kuta alizozijenga kwa mawe matupu, bila tope, hazikuwa na mfano bondeni kote. Watu walivuka mto kuja kumwomba. Theluji ilibomoa kuta za wengine kila mwaka, ila ukuta wa Shodmon ungeweza kuuapia.

Kuhusu masikio ya Shodmon, Bibi alikuwa na hadithi yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akainama kuchota maji kwenye chemchemi ya mlozi saa sita mchana bila kutaja jina la Mungu, na jini wa kike aliyekuwa akichana nywele pale akakasirika, akachukua masikio ya mtoto. Aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi mno hata akawa anaweza kukuonyesha jiwe alilokalia jini.

Basi mwaka ule Gulsifat akashika mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka kwenye mwezi wa saba, na mtoto hakupumua. Kwa hiyo Rukhshona, muuguzi wa zahanati ya kule chini, akapanda mlima mwenyewe kuja kumwona. Alipomaliza kumpima alikubali bakuli la chai, akaonja, akatazama mfuko wa ngozi uliotundikwa juu ya moshi.

“Bibi, chai hii ni tamu kweli.”

“Najua.”

“Ila chumvi yake haina madini joto.”

“Haina nini tena?”

“Madini joto, Bibi. Chumvi ya pakiti huongezewa. Mtoto akiwa tumboni hana chungu chake mwenyewe, anakula kwa mama. Mama akikosa, na yeye anakosa. Akizaliwa ni hivyo hivyo, kile ambacho mama hakula hakimo kwenye maziwa. Anayebeba mimba na anayenyonyesha wanahitaji kutushinda sisi sote hapa.”

“Wewe binti, umesoma miaka mingapi?”

“Minne, baada ya shule.”

“Na mimi nimesoma minne, ya shule yenyewe. Tuko sawa. Ila mimi nimekula chumvi nyingi kuliko wewe.”

Rukhshona akacheka. “Hilo sibishi. Tena chumvi yenu haina kosa lolote, Bibi. Ni milima yetu. Theluji na mvua zimeifua miaka na miaka, hata madini joto yameteremka yote na mito. Hayamo kwenye ngano wala kwenye maziwa ya mbuzi. Ndiyo maana shingo zinavimba, mimba zinatoka. Na mtoto mwingine huzaliwa...” Akasita. “Huzaliwa akiwa na kasoro. Hakui vizuri. Pengine hasikii.”

Wakati huo Shodmon alikuwa amekaa karibu na nguzo akimenya lozi. Rukhshona hakumtazama, alikaza macho kwenye bakuli lake. Kule kutomtazama ndiko kulikomchoma Bibi Niyozbegim kuliko maneno yenyewe.

“Inuka,” alisema. “Chai imekwisha.”

“Bibi, sikukusudia...”

“Nimesema chai imekwisha! Chumvi ya baba yangu imelisha bonde hili tangu babu yako anatambaa. Pakiti yako kawape wenye vyungu visivyo na ukoo.”

Muuguzi akaondoka. Gulsifat, ambaye hakuwa na kawaida ya kumjibu mama mkwe wake, akakunja kitambaa cha kutandikia chakula taratibu, akakikunjua, akakikunja tena.

“Mama,” akasema, “kidogo tu je? Kwenye bakuli langu peke yake?”

“Hata chembe.”

Gulsifat akatoka nje na ndoo. Alirudi macho mekundu, na ndoo haina maji.

Alfajiri ya kesho yake Bibi alikaa mbele ya kinu chake, mchi mkononi, asitwange. Kichwani alikuwa akihesabu, hesabu ambayo hakuwahi kuitaka. Alipokuwa na mimba ya Shodmon alikaa nyumbani miezi yote tisa, akila chumvi ya Sangnamak. Alipokuwa na mimba ya Imatsho alivunjika mguu, akalala kwa shemeji yake mjini Khorugh kuanzia mwanzo hadi karibu na kujifungua, na kule walikula chumvi iliyoletwa na malori ya serikali kwa magunia. Imatsho alizaliwa akipiga kelele, na hajanyamaza mpaka leo, hata kwenye simu. Na jini? Mbona kwenye mimba ya Imatsho pia aliteremka kwenye kijito cha shemeji saa sita mchana, kwa magongo, akitukana njia nzima, wala hapakutokea kitu?

Shodmon alikuja akachuchumaa karibu naye. Tangu utoto alipenda kuweka kiganja juu ya ukingo wa kinu mama yake anapotwanga, kwa kuwa aliusikia mlio kwa mkono. Akaweka kiganja, akangoja. Akamtazama mama yake usoni kuuliza kuna nini leo. Bibi akalishika sikio lake kubwa, zuri, lisilo na kasoro yoyote ya kuonekana, akalishikilia kitambo.

Halafu akatwanga, kwa nguvu kuliko siku zote.

Duka la Rushdara lilikuwa la Alifshoh, mtu mwenye masikio mawili na midomo sita. Bibi aliingia ameinua kidevu.

“Nipe chumvi ya pakiti. Mbili.”

Alifshoh akaiacha mizani. “Wewe? Binti wa Sangnamak?”

“Ni ya mbuzi.”

“Mbuzi!”

“Ndiyo. Chumvi ya kwetu ni tamu mno, wanailamba mpaka wanasahau majani. Nikasema niwape hii yenu isiyo na ladha. Una neno?”

“Sina, Bibi.”

“Basi usimwambie mtu.”

Alijua kwamba kabla hajafika kwake, kijiji chote kitakuwa kimeambiwa. Ndivyo alivyotaka. Jioni ile ile Sabzagul alimpigia kelele kutoka darini: “Niyozbegim! Nasikia mbuzi wako wanakula kama watu wa mjini! Wanunulie na viatu basi!”

“Wako wangevaa viatu,” Bibi akajibu, “kama wangekuwa na miguu yenye nyama!”

Kuinunua pakiti kulikuwa rahisi. Kuitumia ndiko kulikomshinda mara ya kwanza. Maisha yake yote hakupata kutia chumvi chunguni bila kuiosha, maana bonge hutoka mgodini na vumbi na mavi ya punda. Na hii imeshikwa na mikono ya nani, ya huko nchi gani? Akaimwaga pakiti nzima kwenye ungo uliotandikwa kitambaa, akaenda kijitoni, akaizamisha. Alipoinua ungo alikuta kitambaa kitupu, kisafi, kimelowa. Akakigeuza akatazama chini yake. Akatazama maji yanavyoteremka kwenda kwa Sabzagul.

“Samaki wa chini,” alijiambia, “leo watazaa watoto wenye akili.”

Pakiti ya pili hakuthubutu kuigusa kabla hajauliza. Alimvizia Rukhshona njiani, siku muuguzi alipokuja kuchanja watoto.

“Wewe binti. Mbuzi wangu.”

“Wana nini, Bibi?”

“Wanakula ile pakiti yako. Sasa nauliza, kwa ajili ya mbuzi tu, mtu anaitunzaje?”

Rukhshona akamtazama sana, ila uso wake haukucheka. “Haioshwi.”

“Nani aliyesema inaoshwa!”

“Inakaa kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua, moshi na mvuke. Mbuzi wakipikiwa, chumvi inatiwa mwisho, chungu kikiisha kuepuliwa.”

“Mbuzi wanapikiwa?”

“Bibi, sijui. Ni wa kwako.”

“Na mbuzi mwenye mimba, azidishiwe?”

“Asizidishiwe chumvi, itamletea shida nyingine. Kiasi kile kile cha kila siku, ila iwe hiyo yenye madini joto, na asikose hata siku moja. Na akizaa, aendelee muda wote anaonyonyesha. Na mimi ninavyo vidonge vyenye madini hayo, vya mwenye mimba. Vya mtu, si vya mbuzi. Gulsifat akija kupimwa nitampa.”

“Mpe ukitaka. Vidonge havipiti kwenye chungu changu,” Bibi akasema, akaenda zake mbio kidogo.

Ndivyo ilivyoanza kazi ya Bibi Niyozbegim. Kila alfajiri alitwanga chumvi ya baba yake, ta, ta, ta, kijiji kisikie. Akauchota ule unga wa kijivu, akaupeleka bandani kwa mbuzi, ameuficha chini ya shali. Kisha akarudi, akafungua kopo la peremende alilolificha nyuma ya magunia ya unga wa matunda makavu ya forosadi, akachota chumvi ya pakiti aliyoichanganya na chembe chache za ile ya mlimani ipate rangi, akaitia kwenye chai baada ya kuiepua, na nyingine akaijaza kwenye bakuli dogo la kujiongezea. Gulsifat hakuambiwa. Mdomo wa mkwe, alisema Bibi moyoni, huenda kisimani kila asubuhi pamoja na ndoo.

Mtu mmoja tu alimfuma. Siku moja aligeuka akamwona Shodmon mlangoni, anatazama kopo, anatazama kinu, anatazama kopo. Bibi akaweka kidole midomoni: nyamaza! Kisha akatambua amemwambia nani. Shodmon alitikisika mabega yote mawili kwa kicheko chake kisicho na sauti, akaweka na yeye kidole midomoni, na mama na mwana wakacheka mpaka ikabidi washikilie nguzo.

Majira ya baridi yakapita. Mwezi wa saba wa mimba ulipofika, Bibi hakulala vizuri hata siku moja. Ulipokwisha na tumbo bado limekaa mahali pake, alichinja kuku bila kusema kwa nini. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Gulsifat akajifungulia zahanati mtoto wa kike aliyelia hata dereva wa gari lililowaleta akaziba masikio.

“Sauti amenirithi mimi,” akasema Bibi, “bahati mbaya.”

Wakamwita Afruza. Kwa siku arobaini mama na mtoto hawakuvuka kizingiti, na kwa desturi mzazi haruhusiwi kugusa jiko, kwa hiyo Bibi alipika, aliosha, alimimina yeye. Na kila siku mkwe alipolala, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alisimama nyuma ya kichwa cha mtoto, mahali asipoonekana, akagonga kinu kwa mchi mara moja tu. Ta.

Siku ya kwanza mtoto alikuwa usingizini, hakutikisika. Bibi hakula chakula cha jioni. Siku ya pili, ta, na mikono miwili midogo ikaruka juu, vidole vimetawanyika, macho yamefumbuka. Bibi akangoja, akagonga tena. Mikono ikaruka tena. Akakaa chini sakafuni alipokuwa, amekumbatia mchi, na machozi yakampitia kwenye shanga. Wakati huo Shodmon aliingia amebeba kuni. Bibi alimwonyesha kwa ishara: sikio la mtoto, kinu, mikono inayoruka. Shodmon akatua kuni. Akachukua mchi yeye mwenyewe, akagonga, akamwona mtoto anashtuka. Uso wake ulimeta kama ametimiza ukuta mrefu kuliko zote alizojenga. Akagonga mara nyingine, na nyingine, mpaka Afruza akaanza kulia na Gulsifat akaamka akiuliza ni jengo gani linabomolewa.

Siku ya arobaini wanawake kumi na watano wa Rushdara walijaa nyumbani, wamekaa juu ya magodoro kuzunguka nguzo tano, Sabzagul mbele kabisa. Kitambaa kilitandazwa, kukawa na mkate, siagi, lozi, na bakuli dogo la chumvi katikati kwa anayetaka kujiongezea. Rukhshona naye alikuja, amebeba mizani ya mtoto. Akampima Afruza, akamgeuza, akapiga makofi upande huu na upande huu, mtoto akashtuka kote kuwili.

“Mashallah,” akasema. “Mtoto mzima kabisa.”

Hapo Bibi Niyozbegim hakujiweza tena. Alisimama katikati ya nyumba na kijiko cha kutilia chumvi mkononi, shanga zinawaka, rovu limetangulia mbele kama kifua cha jogoo.

“Mmemwona?” akasema. “Tazameni shingo hiyo! Sikieni sauti! Kuna watu hapa,” akamtazama muuguzi, “walioniambia eti chumvi ya baba yangu ina upungufu. Haya, huyu hapa! Amejengwa kwa chumvi ya Sangnamak kuanzia unyayo mpaka utosi. Siku arobaini hakuna mkono uliogusa jiko hili ila wangu. Siku arobaini! Na tangu mimba, hakuna hata chembe ya dukani iliyoingia kwenye chungu changu.”

“Iliyoingia ni ya mbuzi tu,” akachomekea Sabzagul.

“Ya mbuzi tu!” Bibi akaitikia.

“Hongera, Bibi,” akasema Rukhshona kwa adabu kubwa. Akatoa mkobani kichupa kidogo chenye ncha. “Basi sina budi kuiandika. Leo napita nyumba zote kupima chumvi. Nadondosha tone moja. Chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya zambarau. Isiyokuwa nayo hubaki ilivyo.”

“Subiri, nikuteremshie kutoka kwenye mfuko,” Bibi akasema haraka, akiugeukia mfuko wa ngozi.

“Usisumbuke, Bibi, si hii hapa?”

Na kabla Bibi hajakanyaga hatua ya pili, muuguzi alikwisha kuinamia bakuli lililokuwa katikati ya kitambaa, lile ambamo Gulsifat alichota chumvi ya kujiongezea kila siku. Tone likaanguka. Wanawake wakasogeza vichwa. Pale lilipoangukia pakawa kama pametiwa wino. Zambarau ikaenea, ikakolea, mpaka ikawa kama jicho lililopigwa ngumi.

Hata Afruza aliacha kunyonya.

“Nimeibiwa!” Bibi akapiga kelele. “Nimebadilishiwa! Ni huyu, ni huyu mkwe wangu! Alinililia kwa ajili ya hiyo pakiti, nikamkatalia, sasa ameniingilia jikoni kwa siri!”

Gulsifat aliinua uso polepole. Kwanza alitazama bakuli, halafu mtoto, halafu mama mkwe wake, na kitu fulani kikaanza kumcheza pembeni mwa midomo.

“Mimi, Mama?” akasema. “Si nimetoka arobaini leo? Jikoni nimeingia lini?”

“Na wewe si umesema sasa hivi,” akasema Sabzagul kwa sauti tamu kama asali ya mlimani, “kwamba hakuna mkono mwingine? Siku arobaini, Niyozbegim. Tumesikia sote.”

Karibu na nguzo ya mlangoni, Shodmon alikuwa ameweka kidole midomoni, mabega yanamtikisika.

“Niandike nini, Bibi?” akauliza Rukhshona, kalamu tayari.

Bibi Niyozbegim, ambaye tangu azaliwe hajapata kukosa neno, alifungua kinywa. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake, na wanawake kumi na watano walikuwa wakikitazama.